Mtango wa Yona na Mzigo wa Neno "Tafsiri"

Mnamo mwaka 403 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Yeronimo, aliyekuwa akiishi Bethlehemu, barua yenye malalamiko. Katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli nchini Libya, askofu mmoja alikuwa ameruhusu isomwe kanisani tafsiri mpya ya Kilatini ambayo Yeronimo aliifanya kutoka Kiebrania. Kisomo kilipofikia habari za Yona, waumini wakasikia ule mmea uliomtilia nabii kivuli ukitajwa kwa jina wasilolizoea. Ghasia ikazuka, hasa kwa waliojua Kigiriki. Askofu akalazimika kwenda kuwauliza Wayahudi wa mji huo, na mwishowe akalirudisha neno la zamani kwa kuchelea kubaki bila waumini.

Neno lenyewe lilikuwa jina la mmea tu. Tafsiri ya kale ilitaja mmea wa jamii ya maboga. Yeronimo akataja mwingine, utambaao ukutani. Katika majibu yake alieleza kwamba mmea wa Kiebrania una majani mapana na husimama kwa shina lake wenyewe, na kwamba Kilatini hakikuwa na jina lake. Kama angeliacha neno la Kiebrania lilivyo, hakuna ambaye angelielewa. Basi akafuata wafasiri wa Kigiriki waliomtangulia. Maelezo marefu zaidi alikwisha kuyaweka katika kitabu kingine, alichokiandika mahususi kuhusu Yona.

Jambo hili latuhusu. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, imetumia neno "mtango", ilhali wataalamu wengi wanaona kuwa mmea uliokusudiwa ni mbarika. Hatumlaumu mfasiri, kwani ilimbidi achague neno moja, naye alichagua. Lakini mwalimu anayeulizwa na mwanafunzi mtango unawezaje kumtilia mtu kivuli, na hali hutambaa chini, atajibu nini? Atasema, "Tafsiri yake ni hii," kisha aeleze. Hapo ndipo lawama yetu inapoanzia.

Yeronimo alikuwa na kazi mbili na vyombo viwili: katika kimoja alihamisha maneno, katika kingine alieleza maana. Sisi kazi zote mbili twaziita tafsiri. Mhubiri akisimama mimbarani akasema, "Kwa tafsiri ya aya hii, mjane asidai urithi," msikilizaji hana njia ya kujua kama hayo yamo katika Maandiko au ni rai ya mhubiri. Aliye na Biblia mkononi aweza kutazama. Asiyejua kusoma huondoka akiamini kuwa ameambiwa neno la Mungu, na pengine shamba hupotea kwa sababu hiyo.

Kiarabu, kilichotupa neno hili, hakina utata huo: kuhamisha lugha ni tarjama, kueleza maana ni tafsiri. Maneno yote mawili yalitufikia, na bado wako wazee wasemao "kutarjumi". Madrasa imelihifadhi neno tafsiri katika maana yake ya asili, kwani anayehudhuria darasa la tafsiri huenda kusikia maana za aya zikielezwa. Ni kanisa na ofisi zilizolitwika mzigo wa pili. Ofisi nazo zimenaswa humo humo. Tanzania ina Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Mtumishi aliyepewa kuiweka sheria hiyo katika Kiswahili alikuwa akifanya tafsiri ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na tunamwonea huruma.

Kumwondoa "mfasiri" katika kazi ya kuhamisha lugha haiwezekani tena, amekwisha kukaa. Inayohitaji jina ni kazi ya pili. Wapo wanaopendekeza "ufasiri", lakini sikio halitautofautisha na kazi ya mfasiri. "Fasili" ni mbaya zaidi, kwa kuwa wengi wetu hatuzitenganishi r na l katika matamshi. "Eksejesia", isikikayo katika vyuo vya theolojia, yafaa ibaki huko huko. Mkulima aliyekaa kwenye benchi la kanisa haimsaidii.

Sisi twapendekeza "ufafanuzi", na mwenye kazi hiyo aitwe "mfafanuzi". Tutaambiwa kwamba neno hilo linatumika kila siku maofisini. Ndiyo, na hilo halidhuru, kwani anayesikia "ufafanuzi" hadhani kuwa anasomewa maneno yenyewe. Augustino huyo huyo aliandika vitabu vinne juu ya mafundisho ya Kikristo, akavikamilisha mwaka 426: vitatu vya kutafuta maana ya Maandiko, na cha nne cha namna ya kuwafikishia watu maana hiyo. Vile vitatu ni ufafanuzi, na cha nne ni mahubiri. Hakuna hata kimoja ambacho ni tafsiri.

Kuhusu mtango wenyewe, tungependa ubaki mahali pake, na mbarika utajwe katika tanbihi chini ya ukurasa.