Ngumi ya Tyson na Runinga Inayochelewa

Mike Tyson's Punch-Out!! wa Nintendo, uliotoka mwaka 1987, ni mchezo wa macho kuliko nguvu. Kila bondia hujisaliti kwa ishara ndogo kabla ya kurusha ngumi. Kwa Tyson, katika sekunde 90 za mwanzo, ngumi moja ya kidevuni yatosha kukulaza chini. Kinachokutenganisha na sakafu ni sehemu ndogo ya sekunde.

Muda huo ulipangwa zama za runinga za kichogo, zilizochora picha mstari kwa mstari kadiri mawimbi yalivyofika. Runinga bapa huipokea picha, huisafisha, ndipo huionyesha. Mchezo ukienda kwa takriban fremu 60 kwa sekunde, kuchelewa milisekunde 50 ni fremu tatu zilizokwisha kupita. Anayecheza kwa emuleta huuona mchezo dhalimu, kumbe anamhukumu mpiga ngoma kwa mwangwi.

Tiba ya kwanza ni kuwasha hali ya michezo kwenye runinga, ili usafishaji huo upungue. Ya pili iliingia RetroArch mwaka 2018: emuleta hutangulia fremu kadhaa kwa siri, kisha hukuonyesha matokeo mapema. Lakini ukizidisha, mwanzo wa mwendo wa Little Mac hurukwa, na mwili wake hupoteza uzito.

Shabaha basi si kuishinda mashine ya zamani kwa kasi, bali kumrudishia mchezaji muda aliokusudiwa. Hapo ukianguka, umeangushwa na Tyson, si na runinga.