Nani Ameandika Nyuma ya Kadi Yako?

Ukiuliza watu programu gani ya kadi inafaa kujifunzia maneno ya Kichina, utapewa majina haraka haraka: Anki, Quizlet, Pleco, basi. Halafu mabishano yanaanza. Ipi ni ya bure, ipi inapendeza machoni, ipi inakufanya ukumbuke upesi. Nimezitumia zote nikiwa hapa Mbita, na kwangu kuna swali linalotangulia hayo yote: maneno ya kwenye kadi alichagua nani, na maana yake ameandika kwa lugha gani?

Kwa mtu wa huku hili si swali la anasa. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianza 2005. Sawa, lakini kutoka Mbita hadi Nairobi ni usiku mzima kwenye basi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo lekchara wangu ni simu. Na Kichina chenyewe kina maana ziwani. Mabondo, kile kibofu cha hewa cha mbuta, yakikaushwa huuzwa kwa bei kuliko nyama ya samaki yenyewe, na soko lake kubwa liko Uchina na Hong Kong. Kati ya mvuvi na mlaji kuna msururu mrefu wa mawakala. Kijana anayeweza kupatana bei kwa Kichina ana cha kufanya hapo katikati.

Turudi kwa kadi. Mbele kuna neno, nyuma kuna maana. Unajaribu kukumbuka kabla hujageuza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima usahaulifu wake mwenyewe na kuchapisha matokeo 1885: tunasahau haraka mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha siku hupunguza hasara. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya sanduku: kadi uliyoipata inahamia chumba cha mbele na kusubiri zaidi, uliyoikosa inarudi nyuma. Programu nyingi za leo ni sanduku hilo lenye hesabu kali zaidi. Boksi la viatu na manila iliyokatwa bado vinafanya kazi, na havihitaji chaji.

Quizlet ndiyo rahisi kuanza. Ndani ya dakika kumi una kadi na mchezo wa kuoanisha, na ukiwa na mtihani Ijumaa itakubeba. Lakini imeendelea kuhamishia njia zake nzuri za kujifunza upande wa kulipia, na inapenda sana uwe na bando. Memrise ilipata sifa kwa kozi zilizotungwa na watumiaji wenyewe, kisha ikazihamisha kutoka programu yake kuu hadi tovuti ya pembeni. Funzo ni kwamba ukijenga maneno yako kwenye nyumba ya mtu, mwenye nyumba anaweza kukuhamisha.

Pleco kwanza ni kamusi, na kama kamusi sijaona ya kuishinda: inafanya kazi bila intaneti, na kamusi yake ya msingi ni ya bure. Kadi ni nyongeza ya kulipia, ila ukilipa, neno ulilolitafuta linakuwa kadi papo hapo. Skritter inakufundisha kuandika herufi kwa kidole, mkwaju kwa mkwaju. Ni tamu, ila inadai malipo ya kila mwezi, na kwa mtu anayetaka kwanza kuongea na kusikia, hiyo inaweza kusubiri.

Anki ni mbaya kwa sura, wacha tuseme ukweli. Ukiifungua mara ya kwanza ni kama fomu ya kodi. Ilianzishwa 2006 na Damien Elmes, na jina lake ni neno la Kijapani la kukariri. Kwenye kompyuta na kwenye Android ni ya bure, kwenye iPhone unalipa. Haikupi nyota wala makofi. Inachokupa ni ukurasa mtupu ambao unaweza kujaza utakavyo, bila mtandao, na faili ni yako. Kwa hilo inawashinda wenzake wote, na nitakuonyesha sababu kwa mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài. Herufi zake ni 买 na 卖, na kwa sikio tofauti ni toni peke yake: ya kwanza inashuka kisha kupanda, ya pili inaanguka ghafla. Kadi isiyo na sauti itakufanya uende sokoni kununua na utangaze kuwa unauza. Kwenye Anki unaweza kuweka sauti ya mtu halisi kwenye kila kadi. Na hapa watu wa ziwa tuna mtaji ambao hakuna programu inayoutaja: Dholuo ni lugha ya toni, ingawa maandishi yake hayaonyeshi. Sikio letu limezoea kazi hii tangu utotoni.

La pili ni nyuma ya kadi. Marundo yote ya tayari niliyotumia yana Kiingereza nyuma. Sasa angalia ukoo. Jiùjiu ni kaka ya mama, shūshu ni mdogo wa baba, bóbo ni mkubwa wa baba. Kadi ya Kiingereza itakuandikia “uncle” mara tatu, halafu ushindwe kujua ulikosea wapi. Kwa Kiswahili ni mjomba, baba mdogo, baba mkubwa, kila neno na lake. Gūgu ni shangazi, basi, hakuna maelezo. Jiè ni kuazima, iwe unatoa au unapokea, na Kiswahili nacho kinatumia neno hilo kwa pande zote mbili. Tā kwa sikio ni yeye, mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Si kila mahali tunashinda: Kichina kina chuān kwa nguo na dài kwa kofia au miwani, na sisi kote tunasema kuvaa, kwa hivyo hapo kadi lazima ieleze. Lakini kupita kwa Kiingereza ili kufika kwa mjomba ni kulipa nauli mara mbili.

La tatu ni maneno yenyewe. Orodha ya HSK ya ngazi ya kwanza, ile ya miaka ya 2010, ilikuwa na maneno 150. Ndani yake kuna teksi, stesheni ya treni, ndege na Beijing. Hakuna samaki, hakuna boti, hakuna ziwa. Viwango vya 2021 viliorodhesha maneno 11,092 kwa ngazi tisa. Ukitaka skolashipu au cheti, utazisoma orodha hizo tu, hakuna njia ya mkato. Ila mtihani hauulizi huājiāo, yaani mabondo, na mnunuzi atakuuliza.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye simu ya Android na bando la kubahatisha ni huu. Pakua AnkiDroid na Pleco mahali penye mtandao mzuri. Orodha ya HSK itumie kama mifupa, lakini nyuma ya kadi andika Kiswahili wewe mwenyewe, na Dholuo pale inapokaa vizuri zaidi. Ongeza maneno ya mahali unapoishi: yú, chuán, hú, mótuōchē. Kadi kumi mpya kwa siku zinatosha. Ni kazi ya polepole na wiki ya kwanza itakuchosha, kwa sababu kuandika kadi ni nusu ya kujifunza.

Halafu ukifika kadi mia tatu, litume hilo rundo kwa mwenzako. Kijana wa Rusinga au Sindo anayeanza kesho hana haja ya kuanza na “uncle”.