"Tetema" si Kosa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniletea insha yake juu ya tetemeko la Februari 3, 2008, lililoikumba Rusizi na Nyamasheke pamoja na Bukavu ng'ambo ya mpaka. Aliandika: "Kuta zilitetema." Mwenzetu aliyesahihisha alikikata kitenzi kwa wino mwekundu, akaweka "zilitetemeka", na pembeni: "Hii ni lugha ya muziki." Bila shaka aliukumbuka wimbo Tetema wa Rayvanny na Diamond Platnumz, uliotoka mwaka 2019. Kijana alipoteza alama mbili na, baya zaidi, akaanza kulishuku sikio lake.

Tetema ni kitenzi cha zamani; kamusi ya Johnson ya 1939 inacho. Ndicho kilichotupa nomino mtetemo, ambayo walimu wa fizikia hawaioni kuwa ya muziki hata kidogo. Nadhani kosa linaanzia kwenye sarufi tunayofundisha wenyewe. Tunamwambia mwanafunzi kwamba -ik- na -ek- ni kauli ya kutendeka, kisha tunaishia hapo. Vunja huzaa vunjika kwa kuwa kuna kinachovunjwa. Tikisa vilevile: upepo umetikisa mti, mti umetikisika. Lakini tetema hakichukui yambwa. Huwezi kusema "baridi imemtetema mtoto". Sharti useme imemtetemesha. Basi -ek- ya tetemeka haigeuzi maana, ingawa nakiri kwamba tetemeka ndicho kinachosikika zaidi katika maongezi.

Ningekuwa mimi msahihishaji, ningeuliza jingine: kuta zilitetema au zilitikisika? Kutetemeka ni kwa mwendo mdogo mdogo wa harakaharaka, kama midomo ya mwenye homa, au sauti ya anayesoma mbele ya darasa mara ya kwanza. Kinachotikisika husukumwa. Meza yenye mguu mbovu hutikisika. Ukisema inatetemeka tutadhani inasikia baridi. Kwa kuta za siku ile, yote mawili yanafaa.

Hapa kwetu Rwanda kuna kikwazo cha ziada. Kwa Kinyarwanda mwenye baridi au hofu hutumia gutitira, na tetemeko la ardhi ni umutingito, maneno mawili yasiyofanana. Ndiyo maana wengi husita kuipa ardhi kitenzi walichompa mgonjwa. Kijana huyu hakusita.

Nimeomba alama zake zirudishwe. Hadi tunakwenda mitamboni, sijajibiwa.