Salamu Kumi na Nne

Shangazi yangu alikuwa akitoka Walikale na bidoni la mawese mgongoni, kamba imembana kipajini, akipandisha kwa njia ya Mpofi mpaka soko la Nyabiondo, pale msitu unapoishia na milima ya Masisi inapoanza. Mawese aliyauza, salamu akazigawa bure. Safari moja nilimhesabia: salamu kumi na nne, za watu kumi na wanne. Kila moja aliitoa kwa maneno ya aliyemtuma. Ya mzee aliitoa polepole, akikohoa pale mzee alipokohoa. Ya msichana aliikatiza kwa kicheko, maana ndivyo msichana alivyocheka. Alizipanga kwenye vifundo vya vidole, akizipitia mpandoni na mteremkoni, wala hakuandika hata moja. Karatasi hupekuliwa.

Kwenye bariere alitua mzigo kabla hajaamriwa, akaomba maji ya kunywa. Aliniambia kwamba mtu akishaombwa maji anakumbuka kwanza kuwa ni mtoto wa mama fulani, ndipo anakumbuka kuwa ana bunduki.

Kubeba salamu hivi ni kazi. Ina ujuzi wake, ina mafunzo yake, na ina watu wanaoijua na watu wanaoiharibu. Nimeifikiria sana tangu niliposoma maisha ya Krystyna Skarbek, mwanamke wa Poland aliyezaliwa Warsaw mwaka 1908, ambaye Waingereza walimwita Christine Granville na kumtuma kama mjumbe wa siri katika vita vikuu vya pili. Nilikuwa nikisoma habari za theluji na parachuti, huku ninayemwona ni shangazi.

Wanaomwandika hupenda kuanza na damu yake. Baba, Jerzy Skarbek, alikuwa wa ukoo wenye cheo cha kurithi, kama mwami asiye na raia wa kutawala. Mama, Stefania Goldfeder, alitoka katika familia ya Kiyahudi yenye benki. Mali iliisha, shamba la ukoo likauzwa, na binti aliyelelewa juu ya farasi akaenda kuajiriwa mahali panapouzwa magari ya Fiat, moshi ukamtia makovu mapafuni. Katika uungwana wote ule alibaki na kitu kimoja ambacho mdai hawezi kukichukua: kusimama mbele ya mkubwa bila macho kushuka.

Ujerumani ilipoivamia Poland, Septemba 1939, alikuwa huku Afrika na mume wake. Akasafiri mpaka London kuomba kazi. Februari 1940, katika baridi kali, alivuka milima ya Tatra kwa ski pamoja na Jan Marusarz, bingwa wa mchezo huo, akaingia nchi yake iliyokaliwa. Alimsihi mama yake watoke pamoja, mama akakataa kuiacha Warsaw. Wajerumani walimkamata mama huyo baadaye, na hakurudi. Mwenye kazi hii hufika mahali pengi, na mara nyingi anatoka peke yake.

Januari 1941 Krystyna alitiwa mbaroni mjini Budapest pamoja na Andrzej Kowerski, mwenzake wa kazi na wa moyo. Akajing'ata ulimi mpaka damu ikatoka, akakohoa mbele ya waliokuwa wakimhoji, wakadhani ni kifua kikuu. Picha ya mapafu ikaonyesha makovu. Yale ya moshi wa magari! Wakawaachia. Kila ninapofika hapo nafunga kitabu kidogo. Fundi mzuri hatupi hata kipande cha mbao kilichoharibika. Anajua siku yake itafika.

Mwanzoni mwa Julai 1944 aliruka kwa parachuti kusini mwa Ufaransa, akaitwa Pauline, awe mjumbe wa Francis Cammaerts, mwana wa mshairi wa Kibelgiji, aliyeongoza mtandao wa wapinzani wa Wajerumani. Katikati ya Agosti Cammaerts na wenzake wawili walikamatwa wakafungwa katika mji wa Digne. Hukumu ilikuwa kifo. Krystyna akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, kwa Albert Schenck, mtu wa Alsace aliyewatumikia Wajerumani, na kupitia kwake kwa Max Waem, mkalimani wa Gestapo, naye Mbelgiji. Walizungumza kwa muda wa saa tatu hivi. Aliwaambia kwamba majeshi ya Washirika yako njiani, kwamba yeye anawasiliana nayo kwa redio, na akatoa fuwele za redio zilizokwisha kuvunjika kama ushahidi. Akaahidi faranga milioni mbili, zikadondoshwa kwa ndege. Waem akawatoa wafungwa, nao wakaamini kabisa kwamba wanapelekwa kupigwa risasi.

Msomaji wa Masisi anasikia neno Mbelgiji kwa sikio jingine. Mapema mwaka huohuo wa 1944, huku kwetu, kutoka Masisi na Walikale mpaka Lubutu, watu wa dini ya Kitawala waliinuka pamoja na Bushiri Lungundu dhidi ya serikali ya Ubelgiji. Vita vya Ulaya vilikuwa vinakula jasho la hapa: tangu 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanaume waliingizwa msituni kutafuta mpira. Kitawala ilipigwa marufuku, wafuasi wakahamishwa kwa nguvu, nao wakaondoka na neno lao mdomoni, hivyo kila uhamisho ukawa mbegu mpya. Bushiri alikamatwa, na uasi ukazimwa kwa bunduki za Force Publique, jeshi la koloni. Watu wengi walikufa. Waliobeba neno kutoka kijiji hadi kijiji hawakupewa nishani. Krystyna alipewa George Medal, na Ufaransa ikampa Croix de Guerre. Naheshimu nishani hizo. Nawadaia wenzake wa msituni zao.

Vita vilipoisha, Waingereza walimwachisha kazi kwa pauni 100. Akauza dukani, akawa mhudumu katika meli za abiria. Tarehe 15 Juni 1952, katika hoteli ya Shelbourne huko London, mwanamume aliyefanya naye kazi melini, ambaye yeye Krystyna alikuwa amemkataa, alimchoma kisu akafa. Miaka mingi baadaye lilipatikana sanduku lake katika stoo ya hoteli: nguo, karatasi, na jambia alilopewa wakati wa vita.

Shangazi hakuacha sanduku. Katika zile salamu kumi na nne, moja ilikuwa ya kumfikia mzee wa Nyabiondo ambaye, tulipofika, alikuwa amezikwa siku tatu. Niliona basi, hiyo imekwisha. Yeye akaniuliza kaburi liko wapi. Akavua kamba kipajini, akachuchumaa kwenye udongo mbichi, akaitoa salamu yote kwa sauti ya aliyemtuma, pamoja na ile habari ya mbuzi aliyezaa mapacha. Kisha akabonyeza kifundo cha kumi na mbili, akaniambia twende, wamebaki wawili.