Fomu Inayouliza Inachokijua

Kabla ya kukufungulia mlango, iTax, tovuti ya ushuru ya Kenya, hukupa hesabu ya darasa la pili: jumlisha hizi mbili, toa hii kwa ile. Ni kinga dhidi ya roboti, na haina ubaya. Ila kwa mtu aliyeomba ruhusa kazini, akapanga foleni saibani, akakumbuka nambari yake ya mlipaji ushuru, PIN, na kusahau nenosiri, hesabu hiyo ni ya kwanza tu katika msururu wa maswali. Mengi kati yake, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ina majibu yake tayari.

Mfumo huu ulipoanza kuenea mwaka 2014, fomu ya karatasi ya ritani, taarifa ya mapato ya kila mwaka, iligeuzwa kuwa faili ya Excel. Mlipaji aliipakua, akaruhusu makro, programu ndogo za ndani yake, zifanye kazi, kisha akajaza kurasa zilizopewa herufi: A taarifa zake, F mapato ya ajira, M ushuru uliokatwa na mwajiri, T hesabu ya mwisho. Akimaliza alibofya kitufe cha kuhakiki. Penye kosa alirudishwa nyuma. Pasipo kosa faili ilijifunga kuwa zipu, akaipandisha kwenye tovuti.

Ni rahisi kuicheka mbinu hiyo leo, lakini ilikuwa na akili yake. Intaneti ilikuwa ya kubahatisha na stima ya kupoteapotea, hivyo aliyejaza nje ya mtandao hakupoteza kazi yake. Uhakiki nao ulifanywa na kompyuta ya mlipaji, si seva ya KRA, jambo lenye uzito mkubwa Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, nchi nzima inapobisha hodi kwa pamoja.

Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Tazama herufi zile: kutoka A unaruka hadi F, halafu M, halafu T. Katikati kuna kurasa za biashara, ubia na kodi za nyumba. Mwalimu mwenye mshahara mmoja alizipita zote huku akijiuliza kama ameacha kitu. Kurasa zilifuata ratiba ya sheria, wala si maisha ya anayejaza. Tena simu haikufaa, kwa kuwa makro haziendi kwenye simu, na simu ndiyo kompyuta ya Wakenya wengi. Ndipo mhudumu wa saiba akageuka mshauri wa ushuru bila kusomea, akiwa na nenosiri la mtaa mzima kwenye daftari lake.

Kiini cha jambo nakiona kwenye takwimu zenyewe. Kila mwezi, kufikia tarehe 9, mwajiri huipelekea KRA fomu ya P10 inayoonyesha alichomlipa kila mfanyakazi na alichomkata. Mwaka ukiisha humpa mfanyakazi fomu ya P9 yenye takwimu zilezile. Kwenye faili ile ya Excel, mfanyakazi alizinakili, safu kwa safu, na kuzirudisha kule zilikokwisha kufika. Aliyekosea tarakimu moja alijikuta anadaiwa, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Baadaye ikaja fomu ya kujazwa moja kwa moja kwenye tovuti kwa wenye mapato ya mshahara pekee, nayo huvuta takwimu za mwajiri. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika chache. Hata hivyo, kisanduku kilichokwisha kujazwa hulaza macho: mwajiri akikosea, mfanyakazi hubofya na kukubali. Mimi ningeweka kila mwezi kwenye mstari wake, ili Septemba iliyopungua ionekane.

Tena urahisi ukiwekwa mahali pasipofaa unapotosha. Ritani ya sufuri, ya asiye na mapato, kama mwanafunzi aliyechukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB, ni mibofyo michache tu. Kwa miaka mingi mlango huo ulimpokea hata aliyeajiriwa, bila kumwuliza ule mshahara uliotajwa kwenye P10 ni wa nani.

Somo la kufuata maisha ya anayejaza limeingia kwa kiasi katika eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kupunguza ushuru wa biashara, kwa hiyo mnunuzi mkubwa humdai ankara hata muuza viazi. Kwa huyo ikawekwa njia ya *222#, isiyohitaji kompyuta wala bando. Kisha marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yakamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima mdogo au biashara ndogo ambayo mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Katika yote yaliyofanywa, hili ndilo ninalolipigia saluti: skrini iliyomfaa mkulima ni ile ambayo hakuhitaji kuiona.

Anayeitoa ankara mwenyewe bado ana kibarua kimoja. PIN ya mnunuzi ina herufi mwanzoni, tarakimu tisa katikati na herufi nyingine mwishoni. Kwenye simu ya kabambe, hiyo ni kubadili kibodi mara mbili, gunia likiwa begani mwa mchukuzi na lori linapiga honi.