Cheti na Ulimi: Uhakiki wa Utaratibu wa Kuwathibitisha Walimu wa Kiswahili Uganda

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi yetu methali hiyo haitoshi, kwa maana mwalimu hawezi kujiuza kwa uzuri wake. Hana budi auzwe na cheti. Basi ni haki yetu sisi tufundishao kuuliza cheti hicho kinasema nini juu yetu, na kinanyamazia nini. Katika makala haya nakusudia kuhakiki utaratibu wa kuwafunza na kuwathibitisha walimu nchini Uganda, hasa tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019, nikiutazama kutoka hapa Lumino, wilayani Busia, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya.

Ngazi ya zamani yafahamika. Palikuwa na mwalimu wa Daraja la II, aliyetoka shule ya msingi akafunzwa miaka minne. Akafuata wa Daraja la III, aliyemaliza kidato cha nne akasoma miaka miwili katika chuo cha ualimu wa shule za msingi. Juu yake alikuwa mwenye stashahada, kisha mwenye shahada. Sera ya mwaka 2019 iliazimia kuziondoa ngazi za chini: kila mwalimu, wa watoto wadogo hata wa sekondari, awe na shahada ya kwanza, pawepo taasisi moja ya taifa ya elimu ya ualimu, na walimu wasajiliwe na kupewa leseni.

Yafaa tuanze kwa kusifu panapostahili sifa. Kwa miaka mingi jamii yetu ilidhani kwamba mwenye alama ndogo ndiye awafundishe watoto wadogo, na mwenye alama kubwa awafundishe wakubwa. Dhana hiyo ilimdunisha mwalimu wa msingi na kumdhulumu mtoto. Sera imeikataa, na kwa hilo imesema kweli.

Lakini kupandisha daraja la cheti si sawa na kupandisha kile kinachopimwa na cheti. Nitatoa ushahidi juu ya nafsi yangu. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, alikuja mtahini kunipima katika somo la Kiswahili. Andalio langu la somo lilikuwa safi, mwandiko wangu ubaoni ulinyooka, na picha nilizochora zilipendeza. Nikaandika kwa herufi kubwa: “vitabu mbili”. Mtahini hakushtuka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua Kiswahili. Aliyeshtuka ni mtoto mmoja aliyewahi kusoma ng’ambo ya mpaka. Akainua mkono, akasema kwa adabu, “Mwalimu, si viwili?” Siku ile nilipewa alama za juu. Mtoto yule hakupewa kitu, ingawa ndiye pekee aliyelipima somo kwa haki.

Kisa hiki si cha mtu mmoja tu, kwani historia yenyewe imekwenda hivyo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Amri ikatoka, walimu hawakuandaliwa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe na kutahiniwa kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila mara amri imetangulia, na mwalimu ametafutwa baadaye. Lugha iliyotangazwa bila walimu ni kama ngoma iliyowambwa bila mpigaji: itaonekana, lakini haitasikika.

Hapa Lumino jambo hili laonekana waziwazi. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Ndugu mmoja yuko Lumino, mwingine yuko Funyula. Mchuuzi wa samaki atokaye Majanji hujadiliana bei kwa Kiswahili asubuhi nzima, naye hajawahi kukisoma darasani. Shuleni, kinyume chake, yaweza kutokea kwamba mwenye cheti kamili apewe kipindi cha Kiswahili kwa kuwa ana nafasi katika ratiba, naye hawezi kusimulia habari za safari yake bila kukwama. Mmoja ana ulimi bila cheti, mwingine ana cheti bila ulimi. Sisemi mchuuzi apewe chaki kesho. Kujua lugha si kujua kuifundisha. Nasema tu kwamba hao wawili wangeweza kukamilishwa, kila mmoja kwa alichopungukiwa, kama tungekuwa na kipimo cha kutambua wamepungukiwa nini.

Tuwatazame jirani. Kenya nayo imepandisha cheti: tangu mwaka 2021 stashahada imechukua mahali pa cheti cha P1 katika mafunzo ya walimu wa shule za msingi. Lakini huko Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hata mwanafunzi anayeingia chuoni huwa amekisoma tangu utotoni. Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliwafunza maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, wakifundisha huku wakijifunza kwa posta na redio. Wapo waliolaumu upungufu wa elimu yao, na lawama hiyo haikuwa bure. Hata hivyo vijana wale walijifunza kazi wakiwa darasani, katika lugha waliyoimiliki.

Huenda msomaji akaninong’ona: huyu ana stashahada, anaogopa kurudi shule. Sikatai kwamba nina hofu. Mwalimu mwenye watoto wa kusomesha anapoambiwa akatafute shahada, huuliza karo itatoka wapi na malipo yake ni yapi. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa lugha mwenye shahada kama hiyo aliachwa nyuma sana. Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine: kwamba nitakaa chuoni miaka mingine, nitoke na karatasi ndefu zaidi, na bado asiwepo hata mtu mmoja aliyenisikia nikisema Kiswahili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, asithibitishwe mwalimu yeyote wa Kiswahili kabla ya kupimwa kwa mdomo na mtahini anayekijua. Pili, watahini wakipungua kwetu, waalikwe kutoka Kenya na Tanzania. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na wahandisi wamekwisha kutia saini mkataba wa kutambuliana vyeti. Mwalimu si mdogo kuliko mhandisi. Tatu, mwenye stashahada anayejiendeleza apimwe katika darasa lake mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya shahada.

Sera njema imetupa ngazi ndefu zaidi. Iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kila anayeipanda anasikilizwa. Mtoto yule aliyeinua mkono alifanya kazi ya mtahini bila mshahara wala leseni. Si haki kuendelea kumwachia yeye.