Muhasaba na Kujitambua kwa Nafsi katika Al-Inkishafi

Utangulizi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayekadiriwa kuishi baina ya mwaka 1720 na 1820, umesomwa aghalabu kwa njia mbili. Wako wanaousoma kama maombolezo ya mji wa Pate, yaani kama historia iliyotiwa vina. Wako pia wanaousoma kama waadhi: mshairi ameonya, msomaji na aonyeke. Njia zote mbili zina msingi katika matini, lakini kila moja huacha swali. Iwapo lengo ni historia, kwa nini msemaji azungumze na moyo wake badala ya kuzungumza na watu? Na iwapo lengo ni waadhi, kwa nini anayeonywa awe ndiye huyo huyo anayeonya? Makala haya yanashikilia kwamba jibu limo katika ibada ya muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, na kwamba ibada hiyo si sehemu ya maudhui tu, bali ndiyo inayoujenga utungo.

Jina lenyewe laelekeza huko. Neno inkishafi lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kufunuka, si kufunua. W. Hichens, aliyeuhariri utungo huu mwaka 1939, aliupa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mwamko wa roho. Naye James de Vere Allen, mwaka 1977, akauita katekisimu ya roho. Mwamko hudokeza jambo lililokwisha kutokea. Katekisimu hudokeza maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa. Kufunuka ni jambo jingine: mja huweza kujiandaa kwalo, lakini hawezi kulilazimisha lije.

Muhasaba kama Muundo

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 1111) katika Ihya Ulum al-Din ameeleza hatua za kazi hii. Mtu huiwekea nafsi yake masharti, huichunga, huihesabu, huiadhibu, hupigana nayo, na huilaumu. Mfano wake ni wa mfanyabiashara na mshirika wake: umri ni rasilimali, na sharti ijulikane kila siku kama pamepatikana faida au hasara. Haihitajiki kuthibitisha kwamba mshairi alikuwa na kitabu hicho mkononi. Lililo muhimu ni kwamba mfano wa daftari la hesabu haukuwa mgeni katika mji wa bandari uliotajirishwa na biashara ya Bahari ya Hindi.

Katika Al-Inkishafi, baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, msemaji anaugeukia moyo wake na kuukemea. Nafsi moja inagawanyika ikawa pande mbili, mdai na mdaiwa. Mgawanyiko huu ndio sharti la kujitambua, kwani asiyejiweka mbali kidogo na matamanio yake hawezi kuyaona. Fani nayo inasaidia. Kila ubeti una mistari minne ya mizani kumi. Mistari mitatu ya kwanza hubadili kina chake kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali wa nne hushika kina kimoja mpaka mwisho. Mistari mitatu huutembeza moyo duniani; wa nne huurudisha mahali pa kuhojiwa.

Tofauti na Takhmisa ya Liongo, ambayo pia ni kazi ya Sayyid Abdalla, inafaa kutajwa. Katika takhmisa mshairi anajiunga na sauti ya shujaa anayejigamba. Katika Al-Inkishafi sauti hiyo ya majigambo ndiyo inayofikishwa barazani kuhukumiwa. Mtu mmoja aliyazijua lugha zote mbili za nafsi, ya kujisifu na ya kujilaumu.

Magofu kama Kioo

Mhakiki huweza kupinga kwamba mshairi anayehubiri kuikinai dunia amekaa mno katika uzuri wake. Taa za kioo na shaba, zidaka zilizopambwa kwa vyombo, usiku uliogeuzwa mchana: yote yamechorwa kwa mapenzi. Lakini hesabu haiwezi kufungwa kabla mali haijaorodheshwa. Moyo hauwezi kukiri hasara usiyoijua thamani yake. Ndiyo maana makinda ya ndege katika vidaka na bundi aliaye ndani ya nyumba yanamuumiza msomaji: ameonyeshwa kwanza alichokipenda. Na maswali ya wapi walipo wenye nyumba hizo hayahusu wageni, bali watu wa mji wake na wa jamaa yake. Msemaji anajitambua kwa kujiona katika safu yao.

Kwa hiyo, kujitambua hapa si kujitenga. Mwana Kupona naye, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, aliifungamanisha ibada na mahusiano ya nyumbani. Katika tungo zote mbili nafsi hujulikana kwa kumkabili Mungu na kwa kuwakumbuka watu, wala si kwa kusimama peke yake.

Hitimisho

Hata hivyo, hesabu ya Al-Inkishafi ina ukurasa mtupu. Wakandaji na wapepeaji waliowahudumia matajiri wametajwa, lakini kama sehemu tu ya starehe za nyumba. Moyo unaulizwa kwa nini uliipenda mali. Hauulizwi mali hiyo ilitoka kwa jasho la nani, ingawa kazi ya watumwa ilikuwa miongoni mwa nguzo za utajiri wa miji ya pwani. Kasoro hii haiutoi utungo thamani yake. Inaonyesha mpaka wa ibada yenyewe: muhasaba humfunulia mtu yale tu ambayo daftari lake lina safu ya kuyaandika. Msomaji wa leo akiichukua ibada hiyo kwa dhati, atalazimika kuongeza safu ambayo Sayyid Abdalla hakuiweka, kisha auhoji moyo wake kwa ukali ule ule.